Meli ya kitalii: piga hesabu ya usiku mmoja, na usifunge hela yako mapema

Tangazo la safari ya siku saba Karibi kutoka Miami kwa dola 700 kwa mtu halidanganyi, ila halijasema yote. Julai 2024 California ilianza kutekeleza sheria inayotaka bei itangazwe pamoja na tozo za lazima, na kampuni kubwa za meli zikaona ni rahisi kufanya hivyo kwa Marekani nzima. Kwa hiyo siku hizi kodi na ushuru wa bandari vimo ndani ya bei unayoiona. Bakshishi, intaneti, maegesho ya gari, matembezi ya bandarini na vinywaji bado viko nje, na mapato nono ya kampuni hizi hutoka huko.

Kipimo cha kutumia ni kimoja: gharama ya mtu mmoja kwa usiku mmoja, kila kitu kikiwa ndani. Chukua watu wawili, chumba kimoja, usiku saba. Nauli ni dola 1,400. Kampuni za kawaida hutoza bakshishi ya kama dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, watoto nao wakihesabiwa. Kwa dola 17 hiyo ni 238. Intaneti ya simu moja kwa dola 25 kwa siku, 175. Gari siku nane bandarini kwa dola 25, 200. Matembezi matatu ya dola 70 kwa kila mmoja, 420. Jumla dola 2,433. Gawanya kwa 14 upate karibu dola 174 kwa mtu kwa usiku, wakati tangazo lilikuonyesha 100. Sasa weka pembeni meli nyingine inayouza usiku kwa dola 130 lakini bakshishi na intaneti vimo: ukiongeza gari na matembezi yaleyale unaishia hapohapo, dola 174. Ile iliyoonekana ghali si ghali, na pengine chakula chake ni bora zaidi.

Anayesafiri peke yake ajue kwamba nauli hupangwa kwa watu wawili kwa chumba. Mara nyingi atalipa ya wawili, au karibu yake. Meli za kampuni ya Norwegian zina vyumba vya mtu mmoja, lakini navyo hulinganishwa kwa kipimo kilekile; kuna wakati chumba cha kawaida cha ndani kilicholipiwa mara mbili huwa nafuu kuliko hicho.

Kifurushi cha vinywaji, yaani kulipia vinywaji vya siku kwa bei moja, ndipo watu wengi wanapochomwa. Tuseme ni dola 75 kwa siku. Ongeza asilimia 18 ya huduma, inakuwa 88.50. Kokteli ya dola 14 pamoja na asilimia hiyo ni dola 16.52. Maana yake unahitaji kunywa zaidi ya kokteli tano kila siku, hata siku unayoshinda ufukweni Cozumel, Mexico, ndipo hela yako irudi. Tena kampuni za Carnival na Royal Caribbean zinataka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue, ili mmoja asiwachukulie wenzake vinywaji. Kama mke hanywi pombe na mume anakunywa, usinunue mtandaoni kimyakimya: piga simu uulize kama asiyekunywa anaweza kuwekewa kifurushi cha soda na juisi. Maji ya kawaida, chai, kahawa ya mashine na juisi ya asubuhi huwa ni bure kwenye karibu meli zote, kwa hiyo asiyetumia pombe kwa kawaida hahitaji kifurushi chochote.

Wanaotaka chakula cha halali waandike ombi wiki kadhaa kabla, wasisubiri kumwambia mhudumu siku ya kwanza. Jiko la meli hupakia shehena bandarini na likishaondoka halina pa kuagiza. Kwa walioko Ghuba kuna njia rahisi zaidi: AROYA, meli ya Saudia iliyoanza safari Desemba 2024 kutoka Jeddah, haina pombe kabisa na chakula chake ni halali.

Ratiba haina ahadi

Kabla ya kulipa, fungua mkataba wa abiria usome kipengele cha mabadiliko ya safari. Karibu kila kampuni imejiwekea haki ya kuruka bandari, kubadili mpangilio au kugeuza njia nzima bila kukulipa fidia. Unachorudishiwa ni ushuru wa bandari iliyorukwa, ambao mara nyingi ni dola chache, na huwekwa kwenye akaunti yako ya matumizi ya melini. Basi nunua safari ambayo ungeifurahia hata kama bandari moja ingeondolewa. Anayelipa dola elfu tatu kwa ajili ya kisiwa cha Santorini, Ugiriki, pekee afadhali apande ndege akalale Santorini.

Sababu ya kwanza ya kurukwa kwa bandari ni upepo. Ubavu wa meli yenye sitaha 15 hushika upepo kama tanga, na nahodha akiona mitambo ya kusukuma pembeni haitamudu, hasogei gatini. Lakini bandari hazifanani. Kule meli inakofunga kamba gatini, kama Nassau au Cozumel, uwezekano wa kushuka ni mkubwa. Kule inakotia nanga nje na abiria wakapelekwa kwa boti ndogo, kama Grand Cayman, Belize City na Santorini, mawimbi ya kawaida tu yanatosha kufuta siku yako, kwa sababu hatari iko pale mtu anaporuka kutoka mlango wa meli kuingia kwenye boti inayopanda na kushuka. Grand Cayman haitabadilika karibuni: mwaka 2025 wapiga kura walikataa ujenzi wa gati la meli za kitalii. Angalia ratiba yako uhesabu bandari za boti ni ngapi. Zikiwa mbili kati ya tatu, jiandae kisaikolojia.

Sababu ya pili ni vimbunga. Msimu wa Atlantiki ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni kati ya katikati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Bei za kipindi hicho ni za kuvutia, na meli yenyewe huwa salama kwa sababu inaona dhoruba mapema na kuikwepa. Kinachoharibika ni mambo mengine. Safari ya Karibi ya mashariki inageuzwa ya magharibi, St. Thomas inakuwa Cozumel, na uliyekuwa umelipia ziara binafsi unabaki na risiti. Au bandari ya kurudi inafungwa, mnakaa baharini siku moja au mbili zaidi, na ndege yako inaondoka bila wewe. Msimu huo nunua tiketi ya ndege inayobadilishika, na bima uinunue mara tu baada ya kulipa kianzio. Kimbunga kikishapewa jina, bima inayonunuliwa baada ya hapo haitagusa hasara yake.

Tatu, siasa na sheria za bandari. Tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi zimeepuka njia ya Suez, na meli zilizokuwa zikihama kati ya Ulaya na Ghuba zikafuta safari hizo au zikazunguka Afrika nzima. Venice ilipiga marufuku meli kubwa kupita mfereji wa Giudecca kuanzia Agosti 2021. Tangazo likisema Venice, tazama kama meli inafunga Marghera, Trieste au Ravenna, maana kutoka Trieste ni safari ya takriban saa mbili kwa basi. Royal Caribbean iliiondoa Labadee, ufukwe wake wa Haiti, kwenye ratiba mwaka 2024 kwa sababu ya machafuko, ikairudisha, kisha ikaiondoa tena 2025. Tozo nazo zinapanda: Ugiriki tangu Julai 2025 inatoza euro 20 kwa abiria anayeshuka Santorini au Mykonos msimu wa kiangazi, na Mexico ilianza na dola 5 mwezi huohuo, ikapanga kupandisha hatua kwa hatua hadi dola 21 mwaka 2028.

Kwa wanaopanda Alaska kutoka Seattle kuna jambo moja la sheria linaloeleza ratiba yao ya ajabu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli yenye bendera ya kigeni kubeba abiria kutoka bandari ya Marekani hadi nyingine bila masharti magumu, na safari ya kwenda na kurudi Seattle lazima iguse nchi nyingine. Ndiyo maana meli husimama Victoria, Kanada, saa za jioni, muda mfupi tu, watu wakiwa wamechoka. Kituo hicho ni cha kutimiza sheria. Hali ya hewa ikibana, kampuni iko tayari zaidi kupoteza Juneau, bandari ya Alaska, kuliko Victoria. Na usidhani unaweza kushukia njiani, tuseme bandari ya Ketchikan, ukapanda ndege nyumbani. Kampuni hutozwa faini kwa kila abiria, na mkataba unaipa haki ya kukupelekea bili.

Ziara za bandarini na saa ya meli

Ziara ya kampuni ya meli ni ghali, mara nyingine maradufu ya ile ya mwenyeji wa pale. Unacholipia ni mambo mawili: bandari ikirukwa hela inarudi yenyewe, na ziara ikichelewa kampuni ina wajibu kwako. Kwa ziara ya saa tatu karibu na gati, nenda na mwenyeji, lakini chagua anayeandika wazi kwamba meli isipofika unarudishiwa yote. Kwa ziara inayokwenda mbali, kama magofu ya Wamaya kutoka Costa Maya, Mexico, lipia ya meli.

Machi 2024 abiria wanane wa Norwegian Dawn waliachwa São Tomé, kisiwa kilicho Ghuba ya Guinea, baada ya ziara yao binafsi kuchelewa. Walihangaika kuifuata meli hadi Gambia. Nayo ikashindwa kuingia Banjul. Waliipata Dakar, Senegal, baada ya kuvuka nchi kadhaa kwa gharama zao. Kampuni ilisema pasi zao zilikabidhiwa kwa wakala wa bandarini, na ndio utaratibu wa kawaida mtu asiporudi. Karibi ukichelewa kuna ndege kesho yake. Pwani ya Afrika magharibi si hivyo. Weka saa ya mkononi kwenye saa ya meli na uzime simu isijibadilishe yenyewe, kwa sababu Mexico na visiwa vina saa zao na meli huwa haifuati kila wakati. Panga kuwa gatini saa moja na nusu kabla ya muda wa mwisho.

Wenye pasi za Kenya, Tanzania, Uganda au Congo wana kazi ya ziada. Safari inayoanzia Miami na kurudi Miami inahitaji viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa ukishagusa Bahamas umeshatoka. Ulaya ni vilevile: meli ikitoka Barcelona ikapita Uturuki au Montenegro kisha ikarudi Italia, viza ya Schengen ya kuingia mara moja haitoshi. Mexico inakubali viza hai ya Marekani. Visiwa vingine vina masharti yao, na kampuni ya meli ikiona huna karatasi hata ya bandari moja inaweza kukukatalia kupanda, bila kurudisha hela. Ratiba ikibadilishwa baada ya kulipa, kagua viza upya siku hiyohiyo.

Kwa wanaopanda mara kwa mara

Malipo ya mwisho huwa siku 75 hadi 90 kabla ya safari. Kabla ya tarehe hiyo bei ikishuka unaweza kuomba urekebishiwe, kwa hiyo chagua kianzio kinachorudishwa na uangalie bei kila wiki. Baada ya tarehe hiyo hela yako imefungwa. Hapo unaweza kubahatisha kuomba chumba bora zaidi au salio la kutumia melini.

Uaminifu kwa kampuni moja unalipa, ila polepole. Royal Caribbean hutoa pointi moja kwa usiku, mbili kwa mwenye suiti. Daraja la Diamond, lenye vinywaji vinne kwa siku, linataka pointi 80. Carnival ilitangaza mwaka 2025 kwamba inahama kutoka kuhesabu siku kwenda kuhesabu matumizi, na hilo linawapunja wanaosafiri sana kwa bei rahisi. Kampuni ya MSC hukubali kulinganisha daraja lako la kampuni nyingine, na kulijaribu hakugharimu kitu. Wenye hisa 100 za Carnival au Royal Caribbean nao kwa miaka mingi wamekuwa wakipewa salio, mfano dola 100 kwa safari ya wiki, wakiomba wenyewe kabla ya kuondoka. Kununua hisa kwa ajili hiyo tu ni hesabu mbaya.

Usisajili kadi ya debiti kwenye akaunti ya melini. Meli hushikilia kiasi fulani kila siku, na benki inaweza kuchukua wiki nzima kukiachia; ukifika nyumbani akaunti inaonyesha haina kitu. Tumia kadi ya mkopo au weka fedha taslimu kaunta. Nyaya za kurefusha umeme zenye kinga ya umeme unaopanda ghafla zitachukuliwa mlangoni kwa sababu za moto. Kuta za chumba ni chuma, kwa hiyo ndoano za sumaku zinafaa kutundikia kofia na taulo. Dawa na nguo ya kuogelea viwe kwenye begi la mkononi, maana sanduku linaweza kufika chumbani jioni. Na norovirasi, kirusi cha kuhara na kutapika, haiuawi vizuri na vile vitakasa mikono vya mlangoni. Nawa kwa sabuni.

Bili ya mwisho ikague jioni ya mwisho kabla ya chakula, kabla foleni ya kaunta haijafika kwenye ngazi. Sanduku hutolewa nje ya mlango mnamo saa nne au tano usiku. Bakiza pasi, viatu na nguo ya kesho. Anayeweza kubeba mizigo yake mwenyewe asitoe kitu nje, kwa sababu kundi hilo ndilo hushuka kwanza, mara nyingi kuanzia kama saa moja na nusu asubuhi.