Anza na Rumours, Tusk itakusubiri

Ndugu yangu, umeuliza uanze na albamu ipi ya bendi ya roki ya Fleetwood Mac, Rumours au Tusk. Anza na Rumours ya 1977, tena uisikilize kwa mpangilio wake, usirukeruke. Sehemu kubwa waliirekodi Sausalito, California, wakati wanabendi Lindsey Buckingham na Stevie Nicks wanaachana, na ndoa ya wenzao John na Christine McVie imevunjika. Watu wana vidonda vibichi, lakini sauti zao zikikutana kwenye kiitikio zinashikana kama za watoto wa mama mmoja. Kipenzi changu ni "The Chain", wimbo pekee humo uliosajiliwa kwa majina ya wanabendi wote watano kama watunzi. Subiri pale muziki unapotulia na besi ya John inaingia. Mimi hadi leo nywele zinanisimama.

Tusk ya 1979 ina nyimbo 20, na Buckingham anajaribu kila kitu. "Sara" ya Nicks ni tamu mno, ila kwa mgeni albamu nzima inachosha.

Halafu tafadhali, tumia hedifoni. Spika ya simu inameza besi yote.