Maswali na majibu: Injini imekwama baada ya servisi, nani alipe?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa Arua. Nina pikapu ya dizeli yenye turbo, niliipeleka servisi Kampala kwa kampuni ileile iliyoniuzia. Walibadilisha oili na filta, nikalipa, dereva wangu akaanza safari ya kurudi siku hiyohiyo. Alipovuka daraja la Kafu taa nyekundu ya oili ikawaka. Akaendelea polepole akitafuta mahali pa kusimama, injini ikaanza kugonga, mwisho ikakwama kabisa. Kampuni wanasema gari limezeeka na injini imechoka yenyewe, ila wako tayari kulikokota mpaka karakana yao “waliangalie”. Kwa sasa gari lipo Kigumba, uani kwa jamaa yangu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, dada. Gari lisitoke Kigumba kwanza. Likiingia karakana yao na filta ikafunguliwa usipokuwepo, ushahidi wako utakuwa umekwisha, hata kama hakuna aliyekusudia kukudhulumu. Kijana wa gereji hufungua, hufuta oili kwa kitambaa, hutupa raba kuukuu kwenye pipa na kuendelea na kazi. Na Sheria ya Ushahidi ya Uganda inamtaka anayedai ndiye athibitishe.

Mwambie jamaa yako asimruhusu mtu yeyote kujaribu kuiwasha tena. Kisha tafuta fundi asiye na uhusiano na kampuni hiyo. Akiwa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni bora zaidi, maana ripoti yake itabeba uzito ukifika mbele ya hakimu. Waandikie kampuni siku na saa ya ukaguzi, uwaalike wamtume mtu wao. Wakija, wataona kwa macho yao. Wasipokuja, barua uliyowaandikia itaeleza yote.

Kazi ya kwanza ya fundi huyo ni kuchomoa kijiti cha kupimia oili, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Hapo ndipo njia zinapogawanyika. Oili ikiwa bado imejaa, basi haikumwagika: huenda pampu imekufa, au uchafu mzito umeziba chujio la ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na kampuni wanaweza kuwa na hoja. Lakini kijiti kikitoka kikavu, oili ilitoka mahali fulani, na mahali penyewe patajulikana kwa kulala chini ya gari na tochi. Apige picha kabla ya kugusa chochote. Oili iliyorushwa na upepo wa safari hupaka gearboksi na kila kilicho nyuma ya pale ilipovujia, kwa hiyo michirizi hiyo humrudisha mtu hadi chanzo. Aangalie pia kama sampu imegongwa na jiwe. Kama imetoboka, kesi hii haipo, na ni heri ulijue hilo leo kabla hujatumia pesa.

Katika hali kama yako ninashuku vitu viwili, na cha kwanza ndicho hasa. Filta ya kuzungusha kwa mkono ina raba ya duara mdomoni. Ya zamani inapofunguliwa, mara nyingine raba yake hubaki imeng’ang’ania kwenye injini. Fundi mwenye haraka asipopapasa pale kwa kidole, anafunga filta mpya juu yake, na sasa raba ni mbili. Gari likiwashwa karakanani, linaweza kuonekana kavu kabisa. Linaondoka, linapita Bombo na Luweero bila tatizo. Raba mbili haziwezi kukaa imara kama moja, na presha ya oili barabarani hufika baa tatu au nne. Raba moja inateleza nje kidogo, oili inaruka kama maji ya mpira, na karibu lita saba za injini kama yako zinakwisha kwa dakika chache. Ndiyo maana jibu la “lilitoka hapa likiwa zima” halithibitishi lolote. Filta ifunguliwe huku simu ikirekodi video bila kukatisha, kuanzia namba ya gari mpaka mdomo wa filta. Zikionekana raba mbili, moja laini na nyingine ngumu iliyobapa, hakuna mwenye akili timamu atakayezungumzia uzee wa gari. Filta na raba zote zitiwe kwenye mfuko safi, ufungwe, waliopo waweke sahihi juu yake. Usimkabidhi mtu mfuko huo, mpe picha tu.

Kitu cha pili ni boliti ya kumwagia oili chini ya sampu. Kama haipo, au inazunguka kwa vidole, tazama meno ya tundu lake kwenye sampu. Meno yakiwa mazima, haikukazwa. Yakiwa yamechunwa, ilikazwa kwa nguvu za bega badala ya spana ya torki (ile inayopima nguvu ya kukaza), au iliingizwa upande.

Baada ya hapo ndipo injini ifunguliwe. Beringi za krenkshafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini), zile mafundi wengi huziita metali, zina habari yake. Zilizochakaa kwa miaka huliwa taratibu. Zilizokosa oili ghafla hukwaruzika, huonyesha rangi ya shaba ya ndani, na krenkshafti yenyewe inaweza kugeuka bluu kwa moto. Mtu wa kampuni anayesema injini “imechoka” bila kuitazama hata metali moja hajakupa jibu la kiufundi, na unayo haki kabisa ya kulikataa.

Sasa nikuambie jambo ambalo hutalipenda. Dereva wako aliendelea kuendesha taa ikiwa nyekundu. Taa hiyo huwaka presha ikishaanguka mno, na injini inatakiwa kuzimwa palepale, hata kama ni porini. Kampuni wataishika hoja hiyo na inaweza kupunguza fidia yako. Usiifiche. Mwache dereva aandike mwenyewe mahali taa ilipowaka, mahali aliposimama na alichosikia, kisha atie sahihi. Umbali ukiwa mfupi, ukweli wake utakusaidia. Akidanganya na ikajulikana, hata raba mbili hazitaaminiwa.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inamtaka anayetoa huduma aifanye kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Risiti yako ndiyo inayothibitisha kwamba huduma ilifanyika, siku gani, na kwa gari lipi. Kama walikupa risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki), ihifadhi vizuri, kwa sababu kumbukumbu yake iko pia kwa Mamlaka ya Mapato. Waandikie barua ya madai ukiwapa siku 14, uambatishe ripoti, picha, risiti na gharama. Madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yanaweza kwenda kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, ambako hakuna mawakili na mambo huenda haraka. Yakizidi hapo, Mahakama ya Hakimu Mkuu husikiliza madai ya hadi milioni 50, na hapo tafuta wakili. Bima usiitegemee sana: hata ile kubwa kwa kawaida hailipi injini iliyoharibika bila ajali.

Mara nyingi, kampuni ikiona video hubadilisha sauti na kuomba mtengeneze kimyakimya. Hilo si baya, lakini wengi huumia hapa. Watakwambia watang’arisha krenkshafti na kubadilisha metali, basi. Kataa mpaka ipimwe kwa maikromita na vipimo viandikwe. Kumbuka pia turbo. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili, kwa hiyo oili ikikatika nayo huumia, hata kama leo bado inazunguka. Isipotajwa kwenye makubaliano, itakufa baada ya miezi michache na utailipia wewe. Kipoza oili na njia zote za oili visafishwe, la sivyo vumbi la chuma litakula metali mpya. Pawe na dhamana ya maandishi yenye muda na kilomita. Wakitaka kuweka injini nyingine badala ya kutengeneza hii, sharti wakupe karatasi za asili yake, na namba mpya ya injini iingizwe kwenye logibuku kabla hujasaini kwamba umepokea gari.