Kuifuata timu ndogo ugenini Uingereza: ya kujua kabla ya safari ya kwanza

Kila Septemba tunapokea wapya, wanafunzi wa uzamili na wauguzi waliopata kazi hospitalini, na swali lao la kwanza la mpira huwa moja: tiketi ya Old Trafford, uwanja wa Manchester United, naipataje? Nikiwajibu wananuna. Unalipia uanachama, unasubiri, halafu unalipa tena, na hela hiyo mwezi wa kwanza huna. Wakati huohuo mji uliofikia una timu yake, tiketi mara nyingi ni kati ya pauni 20 na 30, na wewe hujui hata uwanja uko mtaa gani.

Chini ya Premier League yenye timu 20 kuna madaraja matatu ya EFL (English Football League): Championship, League One na League Two, kila daraja timu 24. Kisha inakuja National League, na ngazi zinaendelea kushuka mpaka timu za vijiji. Mimi naishi Crewe, mji uliokuzwa na reli, na timu yetu ni Crewe Alexandra, iliyoanzishwa 1877. Uwanja uko jirani kabisa na stesheni. Mechi ya nyumbani haihitaji mwalimu: unatembea, unaingia, unakaa. Haya ninayoandika ni ya ugenini, kwa sababu kwenye safari ndiko utakakowajua watu wa mji wako, na ndiko wapya wengi wanakochanganyikiwa.

Jambo kubwa ni hili: mshabiki mgeni ana upande wake. Ana tiketi zake, geti lake, jukwaa lake, choo chake, kibanda chake cha chai, na mara nyingi hata baa yake. Kwa Mkapa siku ya Simba na Yanga umezoea kuona rangi zimejigawa, lakini njiani mnatoka pamoja mkitaniana. Hapa mgawanyo unalindwa kama mpaka. Ukinunua tiketi ya upande wa wenyeji kwa kuwa ya wageni imeisha, halafu ukaruka timu yako ilipofunga, walinzi watakutoa nje, na masharti ya tiketi yanawaruhusu. Kwa hiyo nunua kupitia klabu yako mwenyewe, mapema. Kwa kawaida klabu hupewa na wenyeji tiketi za jukwaa la wageni na kuziuza zenyewe, na kwa mechi kubwa huanza kuwauzia waliosafiri na timu mara nyingi. Usiogope hilo. Jumanne ya mvua ya Novemba hakuna anayegombea.

Kwa safari ya kwanza ya mbali ninawashauri Grimsby. Uwanja wao, Blundell Park, hauko Grimsby bali Cleethorpes, mji wa pwani wa jirani, ndiyo maana wapinzani wao hutania kwamba Grimsby hucheza ugenini mwaka mzima. Sehemu ya jukwaa kuu ni ya mwaka 1901. Kutoka viti vya juu vya jukwaa refu unaona meli zikipita mdomo wa mto Humber, ingawa wageni hawakai huko. Sisi tunawekwa Osmond Stand, nyuma ya goli, chini ya paa la zamani lenye nguzo. Ukiruhusiwa kuchagua kiti, kwepa nguzo. Kuna watu wametazama mpira wa dakika 90 na goli moja tu wakaliona nusu.

Pale pale, tarehe 27 Agosti 2025, Manchester United walitolewa kwenye Kombe la Ligi. Sare ya 2-2, halafu penalti 12-11. Na ndani yake kuna Mkenya: Clarke Oduor, mzaliwa wa Kenya aliyekulia akademia ya Leeds, aliingia kutoka benchi upande wa Grimsby na penalti yake ikadakwa. Baadaye ikagundulika kwamba usajili wake ulifika dakika moja baada ya muda kufungwa. Grimsby wakatozwa faini ya pauni 20,000, nusu yake ikasitishwa, ila ushindi wakabaki nao. Ukikutana na mwenyeji kwenye treni na hujui uanze vipi mazungumzo, anzia hapo. Utashuka Cleethorpes hajamaliza.

Sasa safari yenyewe. Mechi za kawaida ni Jumamosi saa tisa alasiri, na za katikati ya wiki Jumanne saa mbili kasoro robo usiku. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Ya Jumanne inamalizika karibu saa nne usiku, na kutoka Cleethorpes muda huo hufiki Crewe kwa treni. Unahitaji basi la mashabiki, gari la mtu, au kitanda. Basi la mashabiki ndilo ninalolipendekeza kwa anayeanza: linakushusha karibu na geti, linakusubiri, na wazee wa viti vya nyuma watakuuliza umetokea wapi kabla hamjafika barabara kuu. Bia ndani ya basi hilo ni marufuku kwa sheria ya mwaka 1985, usije na kopo mfukoni.

Ukichagua treni, tafuta kadi ya 16-25 Railcard inayokata theluthi moja ya nauli. Jina lake limewapotosha wengi: mwenye zaidi ya miaka 25 anaipata pia, mradi anasoma kwa muda wote. Mkiwa watu watatu hadi tisa, ulizeni GroupSave, nayo inakata theluthi kwenye treni nyingi nje ya saa za msongamano. Tiketi za bei ya chini zilizofungwa kwa treni moja zina hatari yake. Tangu msimu wa 2024/25 televisheni ya Sky inaonyesha mechi nyingi sana za EFL, na baadhi husogezwa hadi Jumamosi saa sita na nusu mchana. Kwa hiyo kata tiketi ya treni baada ya muda wa mechi kuthibitishwa, si siku ratiba inapotoka. Angalia pia kama reli ina matengenezo, maana wikiendi ndiyo siku zao, na safari ya saa tatu inageuka ya tano ukiwekwa kwenye basi badala ya treni.

Halafu kuna Januari. Nyasi zikiganda, au maji yakituama, refa huja asubuhi kukagua na anaweza kuahirisha mechi wakati wewe uko njiani. Ukiamka soma taarifa za klabu zote mbili, na uzisome tena kabla ya kupanda treni ya pili. Tiketi ya mpira kwa kawaida inatumika siku mpya itakayopangwa au unarudishiwa hela. Nauli ya treni ni shida yako.

Ukifika, baa. Hata usipokunywa, baa ni mahali pa kukutania, kupata choo na joto. Nyingine zimebandika karatasi mlangoni: wenyeji tu. Hiyo si ubaguzi wa rangi, ni skafu yako ndiyo haitakiwi, na hakuna haja ya kubishana na mtu wa mlangoni. Waulize mashabiki wenzako mapema baa ipi inapokea wageni. Sheria ileile ya 1985 inakataza kunywa pombe mahali unapoona uwanja, kuanzia Premier League hadi National League, kwa hiyo utawaona watu wazima wakimeza bia haraka chini ya jukwaa dakika moja kabla ya kipindi kuanza. Daraja la sita kushuka chini katazo hilo halipo, na mtu anasimama pembeni ya uwanja na glasi yake kwa raha.

Getini utapekuliwa. Njoo bila begi kubwa. Chupa ya maji mara nyingi wanaipitisha, ila kizibo wanakichukua, wasije watu wakairusha ikiwa imejaa. Vibanda vingi havipokei noti siku hizi, kadi iwe tayari. Jina la jukwaa na namba ya geti viko kwenye tiketi. Visome ukiwa nje, maana geti la wageni linaweza kuwa upande wa pili kabisa na mzunguko ni mrefu. Luton, kwa mfano, kwenye uwanja wao wa Kenilworth Road, wageni wanaingia kupitia mlango uliopenya katikati ya safu ya nyumba za watu, na ukipanda ngazi unaziona kamba za nguo na baiskeli za watoto uani. Anayepita mara ya kwanza hudhani amepotea.

Madaraja mawili ya juu yalilazimishwa kuwa na viti pekee, bila sehemu za kusimama, baada ya msiba wa uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Aprili 1989, uliowaua watu 97. League One na League Two ziliachiwa majukwaa ya kusimama, na mimi nayapenda kuliko kiti chochote. Unajisogeza kwa rafiki, unamkimbia mlevi, unahama ukichoka kelele. Ukiwa na mtoto au mtu mfupi, wahi mapema mkashike chuma cha mbele. Lakini majukwaa hayo yana adhabu yake. Accrington Stanley wageni wanasimama nyuma ya goli bila paa, na mwavuli utaambiwa uufunge kwa kuwa unawaziba wa nyuma. Vaa koti la mvua lenye kofia.

Kuhusu baridi, wapya hufunga skafu tatu shingoni halafu wanavaa raba za kitambaa. Baridi ya uwanjani inapandia miguuni, kutoka kwenye zege. Soksi mbili, ya ndani nyembamba na ya nje ya sufu, na kiatu chenye soli nene ambacho hakikubani, maana kiatu kikibana soksi ya pili haisaidii kitu. Wazee wa Crewe wanakanyaga kipande cha boksi. Nilidhani ni kichekesho mpaka nilipoazimwa kimoja. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi, kwa hiyo kipindi cha pili chote ni usiku, na jasho la kushangilia goli la mapema linakugeukia.

Waislamu, mawili. Maghribi ya Desemba huko Cleethorpes inaingia karibu na mapumziko. Viwanja vidogo vingi havina chumba cha ibada, lakini mlinzi ukimwomba kwa adabu dakika tano za kona iliyotulia, mara nyingi anakuonyesha pa kusimama. Muulize kabla mpira haujaanza, kwa sababu mapumzikoni ana foleni ya watu elfu. La pili ni chakula. Pai za nyama viwanjani kwa kawaida si halali, na Bovril, kile kinywaji cheusi cha moto wanachokishikilia kwa mikono miwili, ni mchuzi wa ng'ombe. Pai ya jibini na vitunguu ipo karibu kila mahali. Samaki nao wana mtego: Cleethorpes inasifika kwa samaki na chipsi, lakini maduka mengi ya upande ule wa nchi hukaangia kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza wanakaangia nini kabla hujaagiza; hawakasiriki, huulizwa kila siku. Forest Green Rovers, kule Nailsworth, wameondoa kabisa nyama uwanjani tangu 2015, ni mboga tupu, na ndiko pekee ninakokula bila kuuliza.

Nyimbo utazijifunza kwa masikio, nyingi zina mistari miwili. Matusi kwa refa yatakushtua wiki ya kwanza, ya pili utakuwa umezoea. Mpaka uko hapa: kurusha kitu uwanjani, kuingia kwenye nyasi, na kuimba maneno ya kibaguzi ni makosa ya jinai kwa sheria ya mwaka 1991, na moshi wa rangi nao una kesi yake. Raia wa hapa akitiwa hatiani anaweza kufungiwa viwanja. Wewe mwenye viza una zaidi ya hapo la kupoteza, hivyo timu ikifunga dakika ya 90 na watu wakamwagika uwanjani, bakia jukwaani.

Na ukitukanwa kwa rangi yako, usijibu na usinyamaze. Kumbuka namba ya kiti au alama ya nguo, mwambie mlinzi palepale, na usiporidhika ripoti kwa klabu au kwa Kick It Out, ambao wapo kwa kazi hiyo tangu 1993. Niseme kwa haki kwamba upande wetu wa jukwaa, mara nyingi ni wazee wa Crewe wanaomwahi mtu huyo kabla yangu.

Soma pia majina ya wachezaji. Haji Mnoga, beki wa Taifa Stars aliyezaliwa Portsmouth, alijiunga na Salford City mwaka 2024, na uwanja wao mdogo unakuweka karibu na mchezaji kiasi cha kumwita kwa jina na akageuka. Ukimwita kwa Kiswahili kutoka jukwaa la wageni, wenzako watakutazama kwa wasiwasi. Waeleze ni ndugu.

Mpira ukiisha, usikimbie. Wachezaji huja kupiga makofi mbele ya wageni, na hata mkifungwa 3-0 wanategemea kuwakuta. Polisi wakiwazuia dakika kumi ili wenyeji watawanyike, tulieni. Nje, kwenye mechi ya dabi, skafu iingie ndani ya koti mpaka stesheni. Kwenye mechi za kawaida hakuna haja. Treni ikichelewa, kampuni nyingi zinalipa fidia ya Delay Repay kuanzia dakika 15 au 30, na una siku 28 za kudai. Tiketi ya karatasi ipige picha kabla ya kuiingiza kwenye geti la stesheni, kwa sababu mashine ya mwisho huimeza.