Maswali ya Kifaransa: “Sitamwona” husemwaje, na kiwakilishi kikae wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nikitaka kusema “nitamwona kesho” naandika “Je le vais voir demain”, na kila mara narudishiwa kazi ikiwa imekatwa kwa wino mwekundu. Mbona “Je le vois” inakubalika? Nikikanusha ndiyo napotea kabisa.
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba. Iweke “le” mbele ya “voir”: “Je vais le voir demain.”

Wakati huu ujao wa karibu, ambao kwa Kifaransa huitwa futur proche, una vitenzi viwili. Cha kwanza ni “aller” (kwenda) katika wakati uliopo, na ndicho pekee kinachobadilika kumfuata mtenda: je vais, tu vas, il va, elle va, on va, nous allons, vous allez, ils vont, elles vont. Cha pili hubaki kama kilivyo kwenye kamusi: voir, manger, partir. Wewe humwoni mtu kwa “aller”, unamwona kwa “voir”. Ndiyo maana “le” hukaa karibu na “voir”.

Kiswahili chako kinakusaidia hapa. Tazama “nitamwona”: “-mw-” imebanana na mzizi “-on-”, haitangulii “-ta-”. Chukulia “vais” inafanya kazi ya “-ta-”, na mpangilio utakuja wenyewe. Kinachokupotosha huenda ni passé composé, yaani wakati uliopita, kwa kuwa huko husemwa “Je l’ai vu” (nilimwona), kiwakilishi kikitangulia kitenzi kisaidizi. Utaratibu huo uache hukohuko.

Ukanushi nao hushika “aller”: “ne” mbele yake, “pas” nyuma yake. Kwa hiyo andika kwanza “Je vais voir”. Kisha zungushia “vais” ukanushi: “Je ne vais pas voir”. Mwisho chomeka kiwakilishi: “Je ne vais pas le voir”, sitamwona. Viwakilishi vikiwa viwili vyote huingia hapohapo: “Je ne vais pas te le dire”, yaani sitakuambia jambo hilo. Katika mazungumzo utasikia watu wakiiacha “ne” na kusema “Je vais pas le voir”. Kwenye mtihani iandike.

“Plus” (tena), “jamais” (kamwe) na “rien” (chochote) huchukua nafasi ya “pas”: “Je ne vais rien dire”, sitasema chochote. Lakini “personne” (mtu yeyote) haikai hapo, huenda nyuma ya kitenzi cha pili: “Je ne vais voir personne.” Hili huwakosesha hata wanafunzi wazuri, basi lifanyie mazoezi peke yake.

SWALI: Kwa nini “Nous allons se laver” ni kosa, ilhali kamusi inaandika “se laver”?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa sababu “se” si “-ji-”. Sisi tunasema najiosha, unajiosha, tunajiosha, na “-ji-” haibadiliki. Kifaransa hubadilisha: je vais me laver, tu vas te laver, elle va se laver, nous allons nous laver, vous allez vous laver, ils vont se laver. Umbo la kamusi limeandikwa kwa nafsi ya tatu tu. Na “on” huchukua “se”, hata ikiwa na maana ya sisi: “On va se laver.”

Hapohapo angalia na tahajia. “Manger” na “mangé” hutamkwa sawa, kwa hiyo “je vais mangé” huponyoka kwa urahisi. Ukisita, weka “finir” mahali pake. Huwezi kusema “je vais fini”. Basi andika “-er”.

SWALI: “Je vais partir” na “Je partirai” zote kwetu ni “nitaondoka”. Nichague ipi?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Usipime kwa saa. “Je vais prendre ma retraite dans dix ans” ni sentensi sahihi, ingawa kustaafu huko ni kwa baada ya miaka 10. Pima kama jambo lina mzizi katika sasa: uamuzi umekwisha kufanywa, au dalili zinaonekana. Mawingu yametanda, unasema “Il va pleuvoir”, kama sisi tunavyosema mvua inataka kunyesha. “Elle va avoir un enfant” huashiria kwamba mimba ipo tayari. “Elle aura un enfant” ni utabiri tu, siku moja atapata mtoto.

Panapokuja “quand”, tumia “partirai” na wenzake: “Quand j’arriverai, je t’appellerai.” Sisi husema “nikifika nitakupigia”, bila “-ta-” kwenye nikifika, ndiyo maana wengi huandika “quand j’arrive”. Tena “-ki-” yetu hubeba “quand” na “si” kwa pamoja, nazo kwa Kifaransa hazifuati kanuni moja. “Si” hukataa wakati ujao: “S’il pleut, je vais rester à la maison.” Basi kabla ya kuandika “akija”, amua kwanza: una hakika kwamba atakuja? “Quand il viendra.” Huna hakika? “S’il vient.”