Mnaoanza kusoma fasihi ya mwanzo ya Marekani, anzieni kwa mchapaji

Insha yangu ya kwanza kuhusu fasihi ya Marekani ilidai kwamba taifa lilipojitangazia uhuru mwaka 1776, fasihi yake nayo ilizaliwa papo hapo. Mhadhiri aliirudisha ikiwa na swali moja tu pembezoni, kwa wino mwekundu: "Na mchapaji alikula nini?" Nilikasirika, na ikanichukua karibu muhula mzima kutambua kwamba nilikuwa nimeonyeshwa mahali pa kuanzia.

Jibu limo katika sheria ya hakimiliki ya mwaka 1790. Ilimlinda mwandishi aliyekuwa raia au mkazi wa Marekani kwa miaka 14, na kwa miaka 14 mingine iwapo angali hai, lakini ilimwacha nje mwandishi wa kigeni, na hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1891. Kwa hiyo mchapaji wa Philadelphia aliweza kuipokea riwaya ya Walter Scott kutoka melini, akaipiga chapa na kuiuza bila kulazimika kisheria kumlipa mwenyewe hata senti, ilhali mswada wa jirani yake Mmarekani ulidai malipo na haukuwa na uhakika wa wanunuzi. Uchanga wa fasihi hiyo, ambao wengi huueleza kwa uchanga wa taifa, ulitokana kwa sehemu kubwa na hesabu hii ya dukani.

Swali la mchapaji lina sura nyingine pia. Phillis Wheatley, aliyetekwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na kuuzwa Boston mwaka 1761, alikosa mchapaji katika mji huo, na diwani yake ikatoka London mwaka 1773. Msimwache hadi wiki ya mwisho, kama nilivyofanya mimi.

Jihadharini vilevile na kazi zinazolitangaza taifa kwa sauti kubwa. Utenzi wa Joel Barlow wa mwaka 1807, The Columbiad, uliokusudiwa kuitukuza Marekani, umefungwa katika mizani na vina vya mashairi ya Waingereza. Nimejaribu mara mbili kuumaliza, na mara zote mbili nimeshindwa. Linganisheni na kibao kimoja katika hadithi ya Washington Irving, Rip Van Winkle. Rip analala milimani miaka 20, vita vya uhuru vinampita, na anaporudi kijijini anakikuta kibao cha nyumba ya wageni kikiwa na uso ule ule wa Mfalme George wa Uingereza, ila koti jekundu limegeuzwa kuwa la buluu na manjano hafifu, mkononi mna upanga badala ya fimbo ya enzi, na chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa jina la Jenerali Washington. Rangi imebadilishwa, uso haukuguswa. Kwangu mimi, mistari hiyo michache inaeleza mapinduzi kwa undani kuliko utenzi wote wa Barlow, tena kwa kicheko. Na kabla hamjaisifu kuwa ya Kimarekani tupu, kumbukeni kwamba kiini chake kilitoka katika ngano ya Kijerumani, na kwamba Irving aliiandika akiwa Uingereza.

Mtakutana pia na kejeli ya Mwingereza Sydney Smith, aliyeuliza katika jarida la Edinburgh Review mwaka 1820 ni nani duniani asomaye kitabu cha Kimarekani. Msikimbilie kuijibu kwa orodha ya majina. Tazameni kwanza ukurasa wa jina wa The Sketch Book, mkusanyiko wa Irving wenye hadithi hiyo ya Rip: ulianza kutoka kwa mafungu huko New York mwaka 1819, nao mwaka ule ule wa 1820 ukatolewa London, kwa kuwa majarida ya Kiingereza yalikuwa yameshaanza kuchapa vipande vyake bila kumlipa.