Jeni ipo, mbona bakteria hali?

SWALI: Nilitenga kwenye udongo bakteria aina ya Pseudomonas putida. Jenomu yake ina pcaK, pobA, pcaG na pcaH, jeni zinazotajwa kuwa za kuingiza na kuvunja asidi ya 4-hidroksibenzoiki. Nilimkuza kwenye mchuzi wa peptoni nikatia asidi hiyo. Alikua vizuri, lakini baada ya saa 8 asidi ilikuwa karibu vilevile. Je, jeni zake ni mbovu? Kuna mtu ananiuzia unga wa bakteria anaosema "una jeni zote za kuvunja sumu".

JIBU: Kabla ya kuzilaumu jeni, tazama ulichomlisha. Peptoni imejaa asidi amino, na kwa Pseudomonas hicho ndicho chakula cha kwanza. Wakati kipo, protini Crc ikisaidiana na Hfq hushika RNA (nakala za kazi) za jeni nyingi za kuvunja pete ya kaboni kama iliyo kwenye asidi hii, na kuzuia zisitafsiriwe kuwa protini. Bakteria wako hakushindwa, hakuwa na haja. Rudia kwa mchuzi wa madini ambao kaboni yake ni hiyo asidi tu, milimoli 5 kwa lita, pH 7, na chupa itikiswe vizuri: kimeng'enya cha pobA na kile cha pcaG na pcaH vyote vinahitaji oksijeni. Weka na chupa isiyo na bakteria ya kulinganishia. Atachelewa kuanza kukua, usimwage.

Sasa kinachonichosha. Kila wiki naletewa orodha ya jeni kutoka kwenye kompyuta, na mwenye nayo ameshahitimisha kwamba bakteria "anakula" kitu fulani. Jina la jeni mara nyingi limetolewa kwa kufanana tu. pcaK ni ya ukoo mkubwa wa protini za kusafirisha vitu kupita utando, na ndugu wawili wanaofanana sana wanaweza kubeba mizigo tofauti kabisa. Wengine hufuta pcaK, wakaona bakteria bado anakua, wakasema haina kazi. Asidi hii ina pKa (pH ambapo nusu ya molekuli zake zina chaji) ya karibu 4.5, kwa hiyo kwenye pH 7 ni chini ya molekuli 1 katika 300 isiyo na chaji, na hiyo ndiyo inayojipenyeza yenyewe. Ukiijaza chupa, hata hicho kidogo kinaweza kutosha. Ipunguze sana au pandisha pH, ndipo utajua mlango huo wa pcaK ulikuwa na kazi gani.

Na huo unga? Jeni kuwemo kwenye aina ya bakteria si sawa na kuwemo kwenye kila seli iliyo ndani ya kifuko. Chukua plazimidi (duara la DNA lililo nje ya kromosomu) ya TOL, iitwayo pWW0, yenye jozi besi zipatazo 117,000, inayobeba jeni za kuvunja tolueni. Mimina katekoli juu ya koloni zenye xylE, mojawapo ya jeni hizo, ambayo kimeng'enya chake huvunja katekoli, zinageuka manjano ukiwa unatazama, na mwanafunzi hushangilia. Wakuze haohao kwa benzoeti vizazi kadhaa, umwagie tena: koloni nyingi zitabaki nyeupe. Waliopoteza vipande vya plazimidi, au plazimidi yote, huvunja benzoeti kwa jeni zilizo kwenye kromosomu, hukua haraka zaidi na kuwafunika wenzao. Hawakuugua, wala hakuna aliyewaua.

Hata wakifika na jeni zao, udongo una wenyeji. Baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, kilichoongeza kasi ya uozaji ufukweni kilikuwa mbolea ya naitrojeni na fosforasi, na kazi ilifanywa na bakteria waliokuwapo tayari. Muuza unga hakuambii hilo, maana mbolea haina siri ya kuuza.

Ukikutana naye tena muulize mawili: bakteria hawa walikuzwa kwa chakula gani kabla ya kukaushwa, na baada ya kukaushwa ni seli ngapi kati ya 100 bado zinavunja hicho kitu? Akikuonyesha orodha ya jeni, mrudishie kifuko chake.