Vitufe vya pembeni na hesabu za korosho

Dada yangu wa Tandahimba, jedwali lako halijaharibika. Umesema ukibonyeza mishale, ukurasa mzima wa Excel unateleza badala ya kuhama kisanduku kimoja, ukauliza kama vitufe vya pembeni vina kazi yoyote. Hapo Scroll Lock imewashwa. Ibonyeze mara moja tu. Kama laptopu yako haina kitufe hicho, bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja. Kibodi itatokea kwenye skrini, uzime ScrLk humo. Kitufe hiki kipo tangu kibodi ya IBM PC ya mwaka 1981.

Ila kwa karani wa chama cha msingi kama wewe, ninachokuombea ukizoee ni F4. Weka bei ya mnada kwenye B1. Katika fomula ya mkulima wa kwanza, ukishaandika B1 bonyeza F4 (laptopu nyingine hutaka ushike na Fn): inageuka $B$1, nawe utaiburuta hadi mkulima wa mwisho bila bei kuhama. Bei ikihama, mtu anapunjwa jasho la msimu mzima.

F2 nayo hukuruhusu kurekebisha kilo zilizokosewa bila kufuta kisanduku chote. Pause achana nayo.